Usinga wa Mtemi kwenye Ngazi za Sanyuanli

Sauti ya solotepu ikivutwa juu ya robota, kraaa, hunirudisha ngazini. Nimeisikia tena leo asubuhi. Jirani wa chini alikuwa anafunga mzigo wa jeans, mwanangu akashtuka akinyonya, na mimi nikajikuta nina miaka tisa, nimeanguka ngazi za ghorofa ya tatu, mkono wa kushoto umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Niwaambie mapema: sijalala vizuri tangu nijifungue, na haya nayaandika kwa hasira. Anayetaka utoto wenye sukari atafute kwingine.

Baba yangu alikuwa mwanangwa. Kwetu Kahama mwanangwa ni mtu anayesimama mahali pa Mtemi pale Mtemi asipofika. Serikali iliuondoa utemi kabla baba hajazaliwa, lakini Mtemi yupo. Hatozi kodi, hafungi mtu. Anafungua ngoma, anabariki mvua, anapigwa picha na wageni, na watu wazima wanampigia goti. Sasa watu wa kwetu walipozidi hapa Guangzhou, China, wakinunua nguo Zhanqian Road na kuzituma nyumbani, Mtemi akaona na wao wanahitaji mtu. Akatuma usinga. Ulikuja ndani ya begi la mfanyabiashara, umeviringishwa kanga: mkia mweupe wa ng'ombe, mpini wa shanga, unanuka samli na moshi. Siku hiyo watu walimwinamia baba sebuleni kwetu, baba yule yule ambaye wenye maduka walimwita laoban, yaani bosi, pale tu alipotoa pesa.

Usinga ulikuwa na masharti yake. Hauwekwi chini. Haushikwi na mwanamke. Na mwanangwa akiwa nao hagusi kitu kingine chochote, hata kwa mkono ule mtupu, maana saa hiyo mikono yote miwili ni ya Mtemi. Ndiyo, yote miwili. Maji alinyweshwa na mama, kikombe mdomoni. Pua ikimwasha alimtazama mama, na mama akamkuna. Nilicheka mpaka nikafukuzwa chumbani.

Kicheko kiliisha upesi. Tulikaa mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya sita, hakuna lifti. Na watu hawakuisha. Mgeni kafika, mwanangwa akampokee. Fulani anaoa, mwanangwa aonje chakula kwanza. Fulani kalazwa, mwanangwa akamsimamie. Mizigo yetu tukabaki nayo mama na mimi.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa maonyesho ya biashara ya Pazhou, wakati ambao nusu ya Kahama inahamia hapa. Kwetu mgeni hapokelewi mlangoni, hufuatwa njiani, kwa hiyo baba alishuka na usinga wake mpaka ghorofa ya tatu, akasimama pale penye kona akisalimia watu kama ishirini waliojipanga ngazini. Dereva wa mizigo naye akachagua saa hiyo hiyo kutupa marobota yetu mawili barabarani, na mvua inanyemelea. Mama akajitwika kubwa. Mimi nikabeba dogo mgongoni, nimelikumbatia kwa nyuma kama mtoto.

"Tupisheni, jamani."

Mzee Lubinza, aliyejipa kazi ya kulinda taratibu za baba, akatandaza mkono. "Mama Kabula, polepole. Unampita mwanangwa."

"Nampita na mzigo wake, mzee. Kama njia ni ndogo, aubebe yeye."

Watu wakacheka. Hata baba alicheka kidogo. Kisha mguu wangu ukakosa ngazi.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka robota likinipita juu, na mlio kama muwa unavunjwa gotini. Baba alikuwa ngazi mbili kutoka kwangu, naona viatu vyake.

"Baba," nikasema. "Baba, nibebe."

Hakuniinamia. Alisimama vile vile, kisha akanyoosha mkono wenye usinga, na mimi nilichokiona ni baba yangu akinipunga kama nzi.

Halafu robota la mama likadunda ngazini, usinga ukawa mkononi mwa mama, na baba akawa amepiga magoti, ananiokota.

"Mama Kabula!" Sauti ya Mzee Lubinza ilipasuka. "Umepokonya usinga wa Mtemi!"

"Nimepokonya," mama akasema. "Andikeni barua. Mwambieni Mtemi aje abebe mtoto yeye."

Baba alikimbia na mimi mpaka hospitali. Mkono ulipona. Mama ndiye hakupona. Iliamuliwa kwamba aliyeupokonya usinga haketi tena chumba kimoja nao. Tangu siku ile, kila shughuli ya watu wa kwetu mama alipika, akapakua, akala jikoni amesimama. Baba aliendelea kuwa mwanangwa. Mimi nilikua nikimwona mama shujaa na baba sanamu.

Mwezi uliopita mama alikuwa anamwogesha mwanangu. Nikamkumbusha siku ile alivyopokonya.

"Nilipokonya nini, wewe? Alinipa. Alininyooshea."

Nilikaa chini. "Mbona hukusema?"

"Mwanangwa akiutoa kwa hiari yake, amejiuzulu. Na wiki ile dada mmoja wa Nzega alikuwa mochwari, hana ndugu hapa, hatolewi bila mtu wa kumsimamia. Angesimama nani? Lubinza? Lubinza anaogopa hata lifti."

Kwa hiyo ule mkono haukuwa wa kunifukuza. Ulikuwa unaomba kupokelewa mzigo. Baba alinichagua mimi, mbele ya watu ishirini, na nilimchukia utoto mzima kwa kosa ambalo hakulifanya. Lakini alilolifanya ni baya zaidi, na hilo nimelielewa baada ya kuzaa: alinichagua kwa sekunde moja, kisha akamwachia mama alipe miaka kumi na sita. Naelewa ni wangapi wamerudi kwao ndani ya jeneza kwa sababu yeye alisimama. Naelewa. Hasira haijapungua.

Jumapili hii anakuja kutamka jina la mwanangu kwa niaba ya Mtemi. Wameshanitumia utaratibu: mama atakuwa jikoni. Nikampigia baba simu.

"Baba, Jumapili waambie nani alimpa nani usinga."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Nimechoka, Kabula."

"Mama je?"

"Nikisema, usinga nitamwachia nani?"

"Sijui, baba. Mimi mikono yangu ina mtoto."