Kati ya Mtupaji na Mpigaji

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Walthamstow, London, mapema mno. Niliogopa kwamba kuwahi sana kungeonyesha nina shida, basi nikazunguka sokoni nikijifanya mnunuzi, mwisho nikanunua vitunguu kweli. Ofisi ilikuwa juu ya duka la mapazia. Msimamizi wa Zamu, mama wa Kikenya kutoka Nakuru, aliutazama mfuko kabla ya kunitazama mimi.

"Umekuja kupika ama kufanya kazi?"

"Kazi, dada. Shikamoo."

"Huyu ni wa Tanzania, hata sihitaji kuuliza. Marahaba. Keti hapa."

Nawaeleza kazi yenyewe nyinyi mnaomaliza vyuo sasa, kwa sababu haipo tena. Kampuni yetu iliuza takwimu za besiboli, mchezo ambao sikuwahi kuuona nilipokuwa Tanga. Mtupaji anamrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akiupiga vizuri, anakimbilia vituo vinne vilivyopangwa mraba. Akivimaliza, timu yake imepata alama. Akishindwa, ametolewa. Timu ikitolewa watu watatu, inawapisha wenzao wapige, na pande zote mbili zikishapiga, awamu moja imekwisha. Mchezo una awamu tisa. Sisi tulikaa mbele ya kompyuta tukiandika kila mtupo: ulikuwa wa aina gani, ulipita wapi, mpigaji alifanya nini.

Nilianzia Meza ya Marudio, yaani michezo iliyokwisha kurekodiwa. Video zake zilikatwa mapumziko yote ili tusipoteze muda. Kwa hiyo nilijua kila namna mtupaji anavyokunja kiwiko, lakini sikuwahi kumwona akiwa amekaa.

Muda wa majaribio ulipokaribia kwisha, Mkuu wa Kitengo aliniita. Alikuwa Mwingereza mpole, mwenye sauti ya chini iliyonifanya nidhani kila mara anatoa habari za msiba.

"Wateja wanauliza jambo moja," alisema. "Lipi gumu zaidi: mchezo kamili wa mtupaji, au mpigaji mmoja kupiga mipira minne nje ya uwanja katika mchezo mmoja? Andika jibu. Nikishalisoma nitaamua kama tunabaki na wewe."

Bila mkataba wa kazi nisingeweza kuendelea kukaa nchini. Shangazi yangu, ambaye nilikuwa naishi naye Barking, alijua hivyo, na alipotoka zamu yake ya kutunza wazee alinikuta mezani nikiwa nimefuta ukurasa mzima.

"Hivi wewe," alisema, "mtu akikuuliza ugali au wali, utafanya utafiti?"

Lakini swali lilikuwa gumu kweli. Mchezo kamili maana yake mtupaji amewatoa wapigaji wote, mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyefika kituoni kwa kupiga, wala kwa kupewa kituo cha bure kwa sababu ya mitupo mibaya, wala kwa kosa la mdakaji. Kwa upande wa pili, mpigaji hupata zamu nne au tano tu kwa mchezo, na ili apige minne nje ya uwanja inabidi karibu kila zamu impe mpira mmoja wa kuruka juu ya ua. Mambo haya mawili huonekana kwa nadra inayokaribiana. Basi ni sawa? Nikajiambia kwamba nadra si ugumu. Pengine mpigaji anaweza, ila watupaji wanamwogopa, wanampa kituo cha bure makusudi. Pengine mtupaji hawezi, ila wenzake wanane wanamdakia mipira. Nikaandika kwamba la mpigaji ni gumu zaidi, maana hasaidiwi na mtu. Nikafuta. Nikaandika tena.

Ijumaa moja jioni mwenzetu aliugua, na Msimamizi akanikalisha Meza ya Moja kwa Moja, ambako mchezo huandikwa ukiwa unachezwa. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza. Mwanzo tuliongea vizuri. Msimamizi alinisimulia habari za mpangaji mwenzake anayeiba maziwa kwenye friji, nami nikacheka huku naandika.

Awamu ya sita ilipokwisha, hakuna mpigaji hata mmoja wa upande wa pili aliyekuwa amefika kituoni. Nililiona hilo. Nililoliona zaidi ni kwamba Msimamizi alikatisha hadithi ya maziwa katikati. Kijana wa meza ya jirani akasogeza kiti chake mbali nami. Mkuu wa Kitengo akatoka chumbani kwake, akasimama nyuma yangu, amekunja mikono.

"Dada, kuna tatizo?" niliuliza.

Akageukia dirishani.

Nikauliza kama kuna anayetaka chai. Hakuna aliyejibu. Kwetu hata watu waliogombana husalimiana, kisha ndipo wanaendelea kununiana. Kwa hiyo nilielewa, au nilidhani nimeelewa: uamuzi umekwisha kutolewa, na kila mtu anaujua isipokuwa mimi. Nikaanza kukumbuka makosa yangu yote tangu vile vitunguu.

Kwenye skrini, sasa kwa kuwa mapumziko hayakukatwa, nilimwona mtupaji amekaa mwisho wa benchi, taulo begani. Wenzake wote walikuwa wamebanana upande wa pili wa benchi. Nikafikiri, naye pia wamemchoka.

Katika awamu ya nane nilishindwa. Vidole bado viko kwenye kibodi, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, "Kama mmeamua niondoke, niambieni tu. Mtu hatendewi hivi."

Wakati huohuo mpigaji aliugusa mpira kwa udhaifu. Ukaenda juu, ukaanguka kati ya wadakaji wawili, kila mmoja akidhani mwenzake ataudaka. Mpigaji akasimama kituo cha kwanza. Mkuu akaketi juu ya meza iliyokuwa karibu.

"Wewe," Msimamizi alisema, "umetuletea mkosi." Kisha akacheka mpaka akajifuta macho. "Ati tukufute kazi? Nani amekwambia? Mtupaji akifika pale haongeleshwi. Hata jina la kitu anachokifanya halitajwi. Na hapa ofisini, anayemwandika pia haongeleshwi. Tulikuwa tunakuheshimu, mdogo wangu. Kwani hukuona wenzake wamemkimbia pale benchi?"

"Niliona. Nilidhani amewakosea."

Chumba kizima kilitaka kutafsiriwa, na kilipotafsiriwa kikacheka. Mkuu peke yake hakucheka.

"Ulijisikiaje ulipokuwa hapo?" aliniuliza.

"Vibaya. Nilitamani mtu aniulize hata saa."

"Andika hilo," akasema, akarudi chumbani kwake.

Niliandika hivi: takwimu zinawaweka wawili hawa bega kwa bega. Lakini mpigaji, kila mpira unaotoka nje humrudisha mikononi mwa wenzake. Wanamkumbatia, wanamgonga kofia, na zamu ya nne anaiendea uwanja mzima ukimwita. Mtupaji, kila anayemtoa humwondolea rafiki mmoja, na kadiri anavyokaribia ndivyo wanaompenda wanavyozidi kujitenga naye. Kwa hiyo naweka la mtupaji juu.

Jumatatu Mkuu alisoma amesimama.

"Wateja watabisha," alisema. "Vizuri. Msimamizi atakupa mkataba utie sahihi."

Nilifanya kazi pale hadi kamera za viwanjani zilipoanza kuandika mitupo zenyewe, na meza zetu zikafungwa moja baada ya nyingine. Nasema nimestaafu, ingawa sijaota mvi. Msimamizi amehamia Wembley, anauza nguo. Mimi nakagua hesabu za kampuni nyingine nikiwa chumbani kwangu Barking, na shangazi akiwa zamu naweza kumaliza siku sijasikia sauti yangu.

Kukiwa na mchezo, Msimamizi hunitumia ujumbe bila kukoma: yule mnene ameanguka, wewe wa Tanga umeamka? Juzi alituma hivyo hadi awamu ya tano. Mtupaji alikuwa hajaruhusu mpigaji hata mmoja afike kituoni. Awamu ya sita haikuja meseji, wala ya saba. Niliiweka simu mbele yangu, nikazima taa ya jikoni, nikakaa hivyo nikitazama mchezo, nami sijamwandikia kitu.