Breki za Gari la Mume Wangu

Mume wangu alitoa kochi kubwa sebuleni akaweka kiti cha gari. Alikifunga kwenye fremu ya chuma, mbele yake usukani, pedali tatu na skrini pana kuliko dirisha letu. Wageni walikaa kwenye viti vya plastiki. Nikiliita lile dude gemu, alinuna.

"Siyo gemu, mke wangu. Ni simuleta."

Siku za kazi alikuwa mtu wa ofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali, shati limenyooshwa, kitambulisho shingoni. Jumamosi alikuwa dereva wa rali, wale wa ridhaa, ambaye hajawahi kuleta nyumbani hata kikombe cha bati. Alichotaka ni gari la kwenye skrini liwe sawasawa na lake. Alikuwa na kifaa cha kurekodi ndani ya gari: kila alipokanyaga mafuta, kila alipogusa breki, usukani ulivyokatwa, shokapu zilivyozama, vyote viliingia humo. Akirudi anahamishia kwenye kompyuta na kuanza kusonya. Mara gari la kwenye skrini linatupa mkia mapema mno kwenye changarawe, mara halizami kwenye mchanga wa korongo inavyopaswa. Anabadilisha vipimo, anaendesha tena.

Mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyemsomea barabara. Alikaa pembeni akitaja kona moja baada ya nyingine kama anaita majina darasani. Nilimpenda sana shemeji yangu yule. Katika nyumba nzima yeye peke yake aliwahi kuuliza mimi nitakaa wapi.

Kwa miezi walitengeneza ndani ya mashine barabara moja ya vumbi nyuma ya Ihumwa, inayopita kwenye mashamba ya zabibu na kuingia vichakani. Kila kona waliiweka, kila kalavati, kila tuta. Mume wangu akaijua hadi siku moja akaiendesha amefumba macho, kunionyesha. Sikupiga makofi.

Siku ya kwenda kuijaribu kwa gari lenyewe, wanakijiji walikubali kuzuia ng'ombe na bodaboda asubuhi hiyo. Hakuna aliyejua kwamba trekta lenye tela lilikuwa limeharibika kule ndani, nyuma ya kona. Dereva wa trekta alifanya anachofanya kila mtu huku kwetu: alikata matawi akayatandaza barabarani, kuanzia mbali. Hata mtoto wa chekechea akiona majani barabarani anajua mbele kuna gari limekufa, mtu apunguze mwendo.

Shemeji alipiga kelele, "Majani! Kaka, majani!"

Mume wangu aliyaona. Aliniambia kwa mdomo wake kwamba aliyaona. Lakini mguu haukutoka kwenye mafuta, kwa kuwa kona ile alishaipita sebuleni kwangu mpaka akachoka, na haikuwahi kuwa na kitu. Alipokata usukani alikuwa amechelewa. Gari liliingia kwenye tela kwa ubavu wa kushoto, na kushoto ndiko anakokaa msomaji.

Shemeji alifikishwa hospitali akiwa hai. Alifia huko.

Pale hospitali baba mdogo mmoja aliuliza, "Breki zilikataa, eti?" Mume wangu, mkono umefungwa bandeji, akatikisa kichwa kukubali. Ni hivyo tu. Mwili ulipofika kijijini kwao, habari ya breki ilikuwa imeshakuwa kweli, na breki zilikuwa na mwenyewe: fundi wa Ihumwa aliyezifunga. Maskini alikuja kuzika. Alipochukua koleo kama wanaume wengine, mama mkwe alinyanyuka akamnyang'anya.

"Hutamfukia mwanangu wewe."

Fundi aliondoka kwa miguu, hakuna aliyemsindikiza. Mume wangu alikuwa amesimama palepale, anatazama viatu vyake. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakati ule, na nilikuwa nimemshika mkono.

Tuliporudi nyumbani alifungua rekodi ya siku ile. Mstari wa mafuta umelala juu kabisa. Wa breki umelala chini, haujainuka hata kidogo, mpaka mistari yote inapokatika.

"Nitamwambia mama," alisema.

Hakumwambia. Wateja wakamkimbia fundi, na wazee wa ukoo wakaanza kuzungumza habari za polisi. Nikimkumbusha ananijibu, "Ni mama yangu. Niachie."

Baada ya arobaini mama mkwe alikuja mjini kutibiwa macho. Nikamwamkia, akaitika, akazunguka kile kiti akikigusagusa.

"Hiki kitu gani?"

"Ndiyo barabara ile, mama," nilisema kabla mume wangu hajafungua mdomo. "Yote imo humu."

Mume wangu alinitazama kama nimemmwagia maji ya moto. Mama mkwe akavuta kiti cha plastiki, akaketi karibu na skrini.

"Washa. Mimi nataka kuona breki zilivyokataa."

Mume wangu angeweza kusema umeme umekatika. Aliketi, akawasha. Gari likanguruma, mashamba ya zabibu yakapita, vichaka vikaanza. Mama mkwe alishika kanga mdomoni. Jasho lilikuwa linamtiririka mume wangu mpaka kwenye kola. Kona ile ilipotokea mguu wake ulitoka kwenye mafuta wenyewe, ukashindilia breki. Gari likatupa mkia kidogo, likasimama katikati ya barabara tupu.

"Mbona limesimama?" mama mkwe aliuliza.

"Nimekanyaga breki, mama."

"Breki za gari lile?"

"Zilezile. Nilizipima mwenyewe."

Mama mkwe aliinama, akaitazama miguu ya mwanawe juu ya pedali.

"Na siku ile?"

Mume wangu aliachia usukani.

"Siku ile sikukanyaga."