Bibi Hajui Tulikohamia

Juzi, kwenye duka la fotokopi mjini Palma, nilitega sikio bila haya. Mwalimu wa sekondari alikuwa anamrudishia mwanafunzi wake hadithi ya kutisha aliyoiandika kwa zoezi la darasa.

"Mzimu wako hautishi, binti. Unazunguka uzio wa mradi wa gesi pale Afungi tu, unaita majina ya watu."

"Ni bibi yangu, mwalimu. Tulipohamishwa kupisha gesi, yeye tulimwacha kaburini. Hajui tulikohamia."

Mwalimu akavua kofia. "Mwishoni anawapata?"

"Hapana. Ulitufundisha hadithi za kutisha zisiishe vizuri."

"Nilifundisha, ndiyo." Akampa kalamu yake. "Ongeza ukurasa. Mfikishe nyumbani."

Mimi, mchekeshaji mzima, nikaona ukungu ghafla, nikaanza kutafuta miwani yangu, na miwani nilikuwa nimeivaa.