Bunduki ya Muhuhu

Kavumbi wa Muyeye alichonga wanyama tangu ujana wake: twiga, viboko, na ndege wa miguu mirefu ambao watalii huwaviringisha ndani ya nguo zao wasivunjike safarini. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini hata watu wakamtaka arudie maneno. Sokoni Malindi akikanyagwa, yeye ndiye husema samahani.

Mwaka huu, kabla ya masika kuanza, alijiwa na mwanamke kutoka Nairobi aitwaye Phoebe, aliyekuwa akitengeneza filamu. Hadithi yake ilihusu nchi ya kubuni inayonunua silaha za jeshi lake. Wakubwa wanakula njama na mfanyabiashara, bunduki zinaletwa zimepangwa vizuri mezani, zinang'aa. Kisha askari mmoja anaishika yake na kugundua kuwa ni ubao uliopakwa rangi. Anaivunja gotini mbele ya wakubwa wote.

"Mzee Kavumbi, nataka mtu akiziona aogope," Phoebe alimwambia. "Ila kiunoni zifanye nyembamba, maana zitavunjwa."

"Nimekuelewa," Kavumbi alisema.

Akaachiwa picha, akaanza kazi uani kwake. Kwa bunduki nyingi alitumia mwarobaini. Alizichonga, akazipiga msasa, akazipaka rangi nyeusi na juu yake unga wa penseli, hadi mbao zikapata ule ubaridi wa chuma. Usiku aliota zimeegemea ukutani zikichipua majani mabichi, naye anayachuma, na kila jani likifika kiganjani linageuka chumvi. Aliamka na ladha yake ulimini.

Mkewe, Nyevu, aliziona asubuhi moja alipokwenda kuanika nguo. Akasimama na beseni lake kichwani.

"Baba Mwaro, hizi hazilali nyumbani mwangu."

"Ni miti tu, Mama Mwaro. Shika uone."

"Sishiki. Hao twiga wako nilikuwa nawafuta vumbi kama watoto. Hizi zinanitazama."

Kavumbi akazihamishia kwenye banda la kuni. Lakini ilikuwapo moja ambayo hakuisema kwa mtu. Alikuwa na kipande cha muhuhu alichokihifadhi miaka mingi akingoja mnyama anayekistahili. Akakitoa, akachonga bunduki ya mwisho. Muhuhu ni mti mgumu wenye harufu tamu, na uani kote kulinukia kama nyumba ya arusi. Kila alipofika kiunoni mwa ile bunduki, mkono wake ulipita taratibu, ukakataa kupunguza.

Siku ya kuzipeleka Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi ambako filamu ilikuwa ikipigwa, alizifunga kwenye gunia akapanda bodaboda. Walipofika Mambrui akaomba wasimame anywe dafu. Alipoinama kuteremsha gunia, mshono ukaachia na mitutu ikachungulia nje.

Pale kwenye kibanda cha madafu palikuwa na watu wanaongea. Wakanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele aliacha ungo mapajani, chuya na mchele pamoja. Muuza madafu akachagua dafu kubwa kuliko yote, akalikata, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, bwana mkubwa," alisema.

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Kavumbi angeweza kusema, "Ni mbao hizi, jamani." Neno lilikuwa karibu kabisa. Badala yake akanywa polepole huku watu wakimtengea nafasi pana kivulini, na yale maji yalimteremka kooni matamu ajabu. Alipoondoka hakuna aliyemuaga.

Gongoni kulikuwa kweupe. Chumvi imelala hadi macho yanapokoma, maji ya mabwawa yamekuwa na rangi ya waridi, na joto linainua vitu vikaelea: watu wanatembea kama hawagusi chini. Katikati ya weupe huo zilitandikwa meza ndefu, na bunduki za Kavumbi zikalazwa juu yake. Waigizaji wenye suti wakapita wakizitazama, mmoja akipapasa mtutu kama anayepapasa nguo dukani. Kavumbi alisimama pembeni. Kwa kitambo aliona kuwa hata yeye anaelea.

Kisha mwigizaji aliyevaa magwanda ya askari akachukua bunduki, akaivunja gotini. Ilikatika kwa mlio mdogo, kama kuni kavu. Phoebe akataka irudiwe. Ikavunjwa nyingine, na nyingine. Kavumbi alishangaa kuona haumii. Kila iliyovunjika ilirudi kuwa mti.

Halafu yule kijana akaokota ya muhuhu. Akaipiga gotini, akatoa sauti ya maumivu, akaanguka kwenye chumvi ameshika mguu. Bunduki ilikuwa nzima.

Watu wakamkimbilia, wakampaka dawa, akasimama akichechemea. Phoebe akaileta ile bunduki kwa Kavumbi.

"Mzee, hii mbona ngumu?"

"Sikutaka ivunjike," Kavumbi alisema.

"Kwa nini?"

Alifikiri. "Mwanangu, watu waliniogopa njiani. Nikapenda."

Phoebe akamwachia bunduki mikononi. Kavumbi akaomba msumeno kwa mafundi waliojenga meza, akaketi chini, akaikata mwenyewe kiunoni, ikabaki imeshikana kwa uzi mwembamba tu wa mti. Unga wa muhuhu ulidondoka juu ya chumvi, na harufu yake ikaenea hata wenye suti wakageuza vichwa kuitafuta. Akaziba mkato kwa nta na rangi, akamkabidhi kijana kwa mikono miwili.

"Nisamehe goti lako."

"Hamna neno, mzee wangu."

Ikavunjika kwa pigo la kwanza.

Kesho yake akirudi, alishuka tena Mambrui. Alimwambia muuza madafu kuwa zile zilikuwa mbao za filamu. Yule mtu alimtazama sana.

"Mke wangu, yule aliyekuwa akipepeta mchele, hakulala," alisema. "Nenda ukamwambie mwenyewe."

Kavumbi akaenda hadi mlangoni kwa yule mama, akapiga hodi, akamwambia.

Filamu ilipokamilika ilionyeshwa Malindi, kwenye ukumbi wenye feni za dari, na Kavumbi akampeleka Nyevu. Meza zilipotokea, Nyevu alifumba macho, akamshika mumewe mkono. Kisha likaja lile goti, na mlio, na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

"Imekwisha?" Nyevu aliuliza.

"Imekwisha. Fumbua uone chumvi ilivyo nyeupe."

Akafumbua. Walikaa hivyo, mwanga wa Gongoni ukiwapiga usoni, mpaka majina ya watu yakapanda na kutoweka.