Mzee Aliyekwepa Kahawa Isiyokuwapo

Hili nililiona kwa macho yangu mawili, na sikuwa na homa wala usingizi. Nimefundisha darasa la nne kwa miaka mingi, na mtu aliyeishi na watoto wa miaka kumi hadanganyiki kwa urahisi. Ukimaliza kusoma na bado huamini, sitakasirika. Nakuomba tu usome pole pole, maana kosa nililofanya lilikuwa dogo sana, na hata wewe unaweza kulifanya kesho mchana ukiwa unaimba.

Kwanza nikueleze mahali. Ninaishi kando ya barabara ya kutoka Embu mjini kwenda Manyatta. Zamani upande huu wote ulikuwa shamba moja la kahawa. Wenyewe waliligawa, wakaliuza vipande vipande, wakahamia Runyenjes. Kahawa ikang'olewa, wapimaji wakaja na vigingi vyao vya saruji, na sasa tuna maduka, kinyozi, kanisa la mabati, na nyumba ambazo karibu zote zimeacha vyuma juu zikingoja ghorofa ya pili. Watu wametoka Ishiara, Meru, Kirinyaga, kila mahali. Hatukujuana. Ndiyo maana nilipostaafu nikaanzisha kundi la simu la habari za mtaa. Maji yakikatwa, naandika. Mbuzi akipotea, naandika pamoja na rangi yake. Mtu akifiwa, naandika siku ya maombi na nyumba ya kukutania.

Kundi lile lina sharti moja: hakuna habari inayoingia bila mashahidi wawili na namba ya simu. Sharti hili lilitokana na chui. Mwaka wa kwanza mtu alituma habari kwamba kuna chui nyuma ya kanisa, watoto wakakosa shule siku mbili, na baadaye chui akapatikana amelala jikoni kwa katekista, akila ugali. Alikuwa mbwa wake. Tangu siku hiyo nikawa mkali.

Sasa nikueleze kuhusu matoka. Itoka ni ua lenye majani mapana marefu, linalotoka kwenye kitunguu kikubwa ardhini. Wazee wetu walilipanda mpakani, na hakuna mtu aliyethubutu kuling'oa. Jua lote la Januari haliliui. Vigingi vya saruji vilipokuja, matoka yakabaki bila kazi. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Chini ya nyumba yangu kuna ploti tupu. Mwenyewe yuko Nairobi na hajawahi kujenga. Katikati ya ploti hiyo, si mpakani, palikuwa na matoka matatu yaliyosongamana. Njia ya mkato ya kwenda sokoni ilipita hapo, na ilipofika kwenye matoka ilipinda, ikayazunguka, ikaendelea. Mimi niliona maua mazuri yakipotea bure. Nikachukua jembe, nikayang'oa, nikayapanda langoni kwangu. Yalipochanua nikayapiga picha na kuituma kwenye kundi. Watu wakasifu.

Aliyenitania ni Mama Wawira, anayeniletea maziwa kila asubuhi. Alisimama langoni na mtungi wake, akayatazama yale maua.

"Mwalimu, umeanza kuhamisha mipaka? Kesho nitaamka nipate ng'ombe wangu yuko kwako."

"Ng'ombe wako simtaki. Maziwa yake yana maji mengi."

"Hayo maji ni ya mvua. Alinyeshewa."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa mimi na yeye. Kumbuka nilivyosema kuhusu ile njia, kwa sababu baada ya matoka kuondoka, miguu ya watu iliinyoosha. Hakuna aliyeamua. Baada ya wiki mbili kona ilikuwa imekwisha, na watu walipita moja kwa moja juu ya mahali pale, Mama Wawira akiwa wa kwanza, kabla jua halijatoka vizuri.

Halafu ikaja Julai, na manyunyu yake. Kama unajua Julai ya huku kwetu, unajua ukungu unavyoshuka kutoka mlimani na kukaa juu ya paa kama mgeni asiye na haraka. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilitoka kufunga lango, nikamkuta mzee amesimama upande wa nje.

Hakuwa amebisha hodi. Alikuwa mwembamba, amejifunika gunia mabegani kama watu walivyojikinga na manyunyu zamani. Vidole vyake vilikuwa na weusi ule wa utomvu unaobaki kwa mtu aliyeshinda akikata matawi ya kahawa. Nilishangaa kidogo tu. Nilidhani ni kibarua wa mbali.

"Mwalimu," akasema, "ni wewe unaandikanga habari za huku?"

"Ni mimi, mzee. Karibu ndani, baridi ni mingi."

"Sikai." Akaelekeza kidole kwenye maua. "Hizi umetoa wapi?"

"Hapo chini. Hazikuwa za mtu."

"Hazikuwa za mtu," akakubali. "Zilikuwa za hapo." Akanitazama kama anayenipa nafasi ya kuelewa, kama mimi nilivyozoea kuwapa watoto nafasi. Kisha akasema, "Andika watu wasipite hapo chini. Mchanga wa hapo haubebi mtu."

Uliwahi kuambiwa jambo waziwazi, ukajificha nyuma ya utaratibu? Mimi ndivyo nilivyofanya. Nikamuuliza jina. Akasema jina si kitu. Nikamuuliza namba ya simu. Akatabasamu.

"Nikiandika, mzee, lazima niseme ni nani amesema. Na lazima apatikane wa pili aliyeona."

"Wewe ni mwalimu kweli. Mimi nilirudishwa nyumbani kwa kukosa kalamu."

"Kesho nitaenda mwenyewe nihakikishe."

"Kesho," akasema, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. Akageuka akaondoka.

Sasa tulia hapa, kwa sababu ndipo penyewe. Ploti ile ni wazi. Ina nyasi fupi na vigingi vinne, hakuna mti, hakuna hata kichaka cha kuficha kuku. Mzee alishuka, na nikaona hatembei kama mtu aliye mahali pa wazi. Alienda hatua kadhaa, akainamisha bega la kushoto, akapita kiubavu. Akaenda tena, akainua mkono, akasukuma kitu juu ya kichwa chake, akakishikilia mpaka apite, kisha akakiachilia taratibu. Mwanzoni nilisema moyoni, amelewa. Lakini niambie, mlevi huyumba kwa vipimo? Kila baada ya hatua zile zile aliinama. Alipofika mwisho akapinda, akaingia mstari wa pili, na vipimo vikawa vile vile.

Nilizaliwa kwenye kahawa. Nimechuma kahawa nikiwa na umri wa kwenda chekechea. Niamini ninapokuambia kwamba mzee yule alikuwa akipita katikati ya miti ya kahawa iliyokomaa, yenye matawi yaliyolemewa na maji, na alikuwa akijihadhari asiyavunje. Ila kahawa yenyewe ilikuwa imeng'olewa miaka mingi kabla mimi sijanunua hapo.

Alipofika pale nilipoyang'oa matoka, hakupita juu. Alizunguka kwa upana. Ukungu ukafunga, na sikumwona tena.

Niliingia ndani, nikaketi, nikachukua simu. Niliandika: "Tafadhali msipite ploti ya chini mpaka tuikague." Nikaisoma. Nikawaza watakavyouliza: kwa nini, nani amesema, kumetokea nini. Ningewajibu nini? Kwamba mzee asiye na jina amekwepa miti isiyokuwapo? Mimi niliyewacheka watu wa chui? Na nikiwa mkweli kwako, kulikuwa na sababu nyingine chini ya hiyo. Ningelazimika kusema kwamba palikuwa na alama pale, na kwamba ni mimi niliyeing'oa ili lango langu lipendeze.

Nikafuta. Nikajiambia nitaenda mapema nikaangalie kabla Mama Wawira hajapita. Nikalala.

Nilichelewa. Hakuna maneno mengine. Baridi ilinishika kitandani, na nilipoangalia saa ilikuwa imepita saa kumi na mbili na nusu, na mtungi wa maziwa haujagonga lango. Nikavaa viatu bila soksi nikakimbia kuteremka.

Ardhi ilikuwa imefunguka. Shimo lilikuwa la duara, lenye upana wa mlango, na magogo yaliyooza yakichungulia pembeni. Kilikuwa kisima cha kuchimbwa kwa mkono, cha zamani, kilichofunikwa kwa magogo na udongo. Mama Wawira alikuwa ameshika ukingo, kifua kikiwa juu na mwili uliobaki chini. Gogo moja, lile la pembeni kabisa, lilikuwa limembana pajani na kumzuia asishuke. Mtungi ulikuwa umelala kwenye nyasi, na maziwa yameingia ardhini.

"Usikaribie," akaniambia kwa sauti ndogo. "Lala chini kwanza. Halafu uitane."

Nikalala kifudifudi kwenye umande, nikamshika mkono, na kwa mkono mwingine nikatuma sauti kwenye kundi: kujeni ploti ya chini, kujeni na kamba na ngazi. Bila mashahidi, bila namba. Na walikuja. Kinyozi alikuja na taulo bado begani, fundi mwashi akaja na kamba, katekista akabeba ngazi ya kanisa. Watu ambao miaka michache kabla hawakujuana majina walilala chini mstari mmoja wakivutana miguu. Walimtoa. Mguu wake ulikuwa umevunjika karibu na nyonga. Fundi alidondosha jiwe ndani ya kile kisima, na sote tukalisikiliza. Lilichukua muda.

Nilimtembelea hospitalini siku ya tatu, nikamweleza yote. Matoka, mzee, ujumbe niliouandika nikaufuta. Alisikiliza macho yakiwa kwenye dari.

"Hayo ya matoka nilijua," akasema. "Si ulituma picha?"

Nikavuta kiti karibu na kitanda.

"Nikuulize, Mwalimu. Pale kwa ploti kuna mti?"

"Hakuna."

"Nilipokaribia pale, tawi lilinipiga kwa uso. Tawi liko na maji. Nikaruka kando. Ndiyo nikaangukia ukingo, badala ya katikati." Akapapasa shavu lake. "Nilisikia harufu ya maua ya kahawa. Hii Julai."

Kisha akageukia ukutani, na sikupata neno lingine kwake kwa karibu miezi miwili.

Nilienda Runyenjes kuwatafuta waliouza shamba. Nilimpata mama mmoja, mke wa mtoto wa mwenye shamba, akichambua maharagwe uani. Nilimuuliza kuhusu kisima. Alishtuka. Akasema baba mkwe wake ndiye aliyekichimba, na maji ya bomba yalipofika akakifunika kwa magogo na kupanda matoka juu yake, na kila mwaka aliwakusanya wote, wakubwa kwa wadogo, akawaonyesha. Wakati wa kuuza walimwambia dalali. Dalali hakumwambia mtu.

"Baba mkwe yuko wapi sasa?" nikauliza, ingawa nilishajua.

Alikuwa amefariki miaka sita kabla, akazikwa hapo hapo Runyenjes. Sikumwomba picha. Nilimuuliza tu alivyokuwa akitembea. Yule mama akacheka, machozi yakamlengalenga.

"Huyo? Alikuwa anainamisha bega hata akiwa kwa barabara. Aliwachapa watoto wakivunja tawi. Alikuwa anatembea kama kahawa iko kila mahali."

Niliporudi niliandika yote kwenye kundi, kwa jina langu. Wengine walinicheka, mmoja akaandika kwamba chui amerudi. Wengi walikuja na mawe. Tulimpigia simu mwenye ploti, akakubali, tukakijaza kile kisima na kukifunika kwa zege. Matoka niliyatoa langoni kwangu, nikayarudisha kuzunguka mahali pale. Mawili yalishika. La tatu lilikauka, na sijathubutu kupanda jingine mahali pake.

Asubuhi moja mwezi wa tisa nilisikia mtungi ukigonga lango. Hatua zilikuwa tofauti, moja nzito na moja ya kuburuta. Nilifungua. Mama Wawira alikuwa amepita barabara kubwa, mzunguko mrefu, akiegemea fimbo.

"Leta sufuria," akasema. "Na usiseme yana maji."

Mguu haujarudi kuwa mguu. Kila asubuhi nazisikia zile hatua kabla sijamwona, na kila asubuhi nakumbuka ujumbe wa mstari mmoja nilioufuta. Siku hizi mtu akileta onyo naandika kwanza, naweka kwamba halijahakikishwa, kisha natafuta mashahidi. Heri nichekwe.

Na wewe uliyenunua ploti yako juzi, au unayepanga kununua, jenga bila woga, mji unakua na una nafasi yako. Lakini ukikuta kitu kimepandwa mahali ambapo huoni sababu, weka jembe chini. Tafuta waliokuwapo, hata kama wamehama, uwaulize. Na mtu akija langoni kwako jioni ya ukungu kukuonya, usimuulize namba ya simu.

Nikipita ploti ya chini sasa, nafuata kona. Na ninapofika katikati ya mistari ile nainamisha bega la kushoto, nainua mkono taratibu, napita. Majirani wapya huniona kutoka madirishani mwao na kucheka. Mama Wawira hacheki. Juzi nilimwona akipita pale kwa mara ya kwanza tangu aanguke, na fimbo yake, na alipofika kwenye matoka akainama.