Kanuni Niliyompelekea Mama

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri. Nitakayokueleza si magumu kuyaelewa. Ugumu uko kwangu, katika kuyasema.

Nafundisha kemia katika shule moja ya sekondari Biharamulo. Zamani wanafunzi waliponiuliza kama sayansi inamkana Mungu, niliwajibu hivi: maji huchemka kwa kanuni, mbegu huota kwa kanuni, na kanuni hizo hazina upendeleo wala hazichoki. Palipo na sheria, yupo aliyeitunga. Niliamini hivyo, na nilifurahi kuamini.

Furaha hiyo niliipeleka nyumbani kwetu, Murusagamba. Mama alikuwa akimenya mihogo michungu na kuiloweka kwenye pipa ili sumu itoke, kabla ya kuianika na kuitwanga unga. Hakuwa akihesabu siku. Aliibonyeza tu na kungoja, safari nyingine siku nne, nyingine tano au sita, mpaka ilainike.

"Mama, siku tatu zinatosha," nilimwambia. "Kule Biharamulo wanafanya hivyo. Mihogo huchachuka kwa kanuni, na kanuni ni ile ile kila mahali. Mungu hana kanuni ya Biharamulo na nyingine ya Murusagamba."

Mdogo wangu, binti wa mwisho wa mama, aliyekuwa akiishi na kulima naye, alicheka. "Kaka, sasa hata mihogo unaitungia mtihani? Ikifeli itarudia darasa?"

"Mwache mwalimu wangu," mama akasema. "Amesoma."

Akaanza kuhesabu. Miezi ya jua hakuna kilichoharibika. Kisha ikaja wiki ya mvua na ukungu, maji ya pipa yakawa ya baridi, na siku ya tatu mama akaitoa mihogo ikiwa bado migumu. Aliniambia baadaye kwamba mkono wake ulisita. Akakumbuka maneno yangu, akaikausha juu ya moto, akatwanga.

Mdogo wangu alirudi kutoka shambani mchana, hajala tangu asubuhi, akala ugali mwingi wa unga ule. Mama alikuwa na homa, hakugusa chakula. Kabla ya jioni binti alitapika, akalalamika kichwa, akalegea. Walimpakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mama, wakaifuata ile barabara ya makorongo kuelekea zahanati. Alikata roho kabla hawajafika. Mama aliendelea kumshika, kwa sababu dereva hakuwa amejua, naye hakuweza kumwambia.

Baada ya mazishi mama aliniita nikae naye jikoni.

"Mwanangu, ulisema kanuni ina mwenyewe. Nimemkosea nini?"

Nikamweleza polepole, kama ninavyoeleza darasani. Vinavyochachusha mihogo ni vijidudu hai, na kwenye baridi hufanya kazi taratibu. Kanuni haikubadilika. Mimi ndiye niliyechukua siku za Biharamulo, mahali penye joto, nikaziita kanuni. Yeye, alipokuwa akingoja mihogo ilainike, ndiye aliyekuwa akiifuata kanuni yenyewe.

"Hakuna aliyekukasirikia, mama. Kosa ni langu."



"Afadhali angekuwa amekasirika," mama akasema. "Mtu aliyekasirika unamwomba msamaha."

Wanafunzi wakiniuliza sasa, nawaambia kwamba kanuni bado naziona vizuri, ila aliyezitunga simwoni ndani yake kwa wepesi ule wa zamani. Nikienda nyumbani, Jumapili naketi kanisani pembeni ya mama. Yeye anaomba msamaha kwa kosa lisilo lake. Mimi namwomba yeye, kimoyomoyo.

Kama nawe unaloweka mihogo michungu, usihesabu siku. Bonyeza kila kipande mpaka katikati. Kilicholainika kianike juani mpaka kikauke kabisa. Kilicho kigumu kirudishe majini.