Vichwa Vitano kwa Redio

Vita vilikuwa vimetuchosha sote Kamina. Mimi nilikuwa karani wa depo ya dawa. Programu ya kompyuta yetu zamani ilipewa leseni moja kwa mashine. Sasa wauzaji wake walidai leseni kwa kila mtumiaji, nasi tulikuwa watano. Basi nilikwenda kwenye kibanda cha redio, nikampigia kelele mkubwa wangu wa Lubumbashi: "Chef, mashine haitoshe tena. Sasa banahesabu bichwa ya bantu. Ututumie bichwa tano."

Nilipogeuka, watu waliopanga foleni nyuma yangu, akiwemo mchungaji wa kanisa langu, walikuwa wamerudi hatua mbili. Askari wa zamu alinishika mkono.

"Bichwa ya banani, papa?"

Nilimweleza habari za leseni mara tatu. Akauliza, mchungaji akisikia: "Na kichwa ya kwanza, iko ya nani?"

"Yangu," nikajibu kwa uchovu.